Palizi ya Mikarafuu Isiangamize Viumbe wa Pemba

Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa zao hili. Ni haki, basi, kila mwenye shamba apalilie, ili wachumaji waufikie mti kwa salama. Lakini kupalilia ni jambo moja, na kufyeka kila kisicho mkarafuu ni jambo jingine.

Wako ndege wanne wasiopatikana popote duniani ila Pemba. Mmoja wao, bundi mdogo, huishi katika msitu wa Ngezi na pia katika mashamba ya mikarafuu yaliyoachiwa vichaka. Yeye hutaga ndani ya pango la mti. Mti mkongwe ukikatwa kwa kuwa hauna faida, bundi hukosa nyumba.

Popo wa Pemba ni ushahidi. Mwaka 1996 alihesabiwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni mwa kutoweka, kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, waliilinda miti anayolala, na mwaka 2008 akatolewa katika daraja hilo la hatari.

Kwa hiyo maofisa wa kilimo, wanapogawa miche, watoe na nasaha: shina la mkarafuu lisafishwe, bali miti mikongwe ya mipakani, mabondeni na makaburini isiguswe. Mkarafuu ukifa hupandwa mwingine. Ndege wa Pemba akitoweka hapa, hana kwao pengine.