Sindano ya Heparini: Hesabu Siku Zako

Leo tunazungumzia sindano ambayo huenda wewe au ndugu yako mlichomwa mlipopewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Inaitwa heparini. Hutolewa baada ya upasuaji, au mguu unapovimba kwa sababu damu imeganda ndani ya mshipa. Ni dawa nzuri na imeokoa wengi, kwa hiyo tafadhali usiikatae kwa sababu ya kipindi hiki.

Lakini kwa watu wachache, mwili huipokea dawa hiyo kama adui. Ndani ya damu mna chembe sahani, ambazo huziba jeraha ili damu isiendelee kutoka. Heparini hushikana na protini inayotoka kwenye chembe hizo, na mwili hutengeneza kingamwili za kupambana na mchanganyiko huo. Kingamwili hizo huziamsha chembe sahani zigandane ovyo, bila jeraha lolote. Ndiyo maana zikipimwa, hesabu yake huwa imeshuka, mara nyingi kwa nusu au zaidi.

Hapa watu wengi hukosea. Mtu akisikia chembe sahani zimepungua, huogopa kutokwa na damu. Katika ugonjwa huu hatari kubwa ni kinyume chake: damu inaganda mguuni, mapafuni, hata kwenye ubongo.

Na huo ugonjwa hauji siku ile ile. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu sindano ya kwanza. Pengine wakati huo umesharuhusiwa na uko nyumbani kwako kambini, mbali na daktari aliyekuchoma. Mguu ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikatika ghafla, au upande mmoja wa mwili ukilegea, usingoje kesho. Nenda zahanati mara moja, na useme neno lenyewe: “Nilichomwa heparini.” Kama uliwahi kuchomwa katika miezi 3 iliyopita, hali hii inaweza kuanza ndani ya siku moja tu baada ya kuchomwa tena.

Hospitalini, heparini yote husimamishwa, hata ile kidogo ya kusafishia mpira wa dripu. Mgonjwa hupewa dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Warfarini haianzishwi mapema, maana inaweza kuzidisha madhara.

Hali ikiwa mbaya, au chembe sahani zikikataa kupanda, madaktari wanaweza kuongeza imunoglobulini kwa dripu. Hizi ni kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya maelfu ya watu waliojitolea. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku 2. Fikiria benchi la zahanati: ukichelewa, unakuta limejaa. Imunoglobulini hukalia nafasi zilizo juu ya chembe sahani, zile kingamwili mbaya zikose pa kukaa. Mwaka 2021 njia hiyo hiyo ilitumika kwa wale wachache walioganda damu baada ya chanjo ya Uviko-19 ya AstraZeneca. Ni dawa ghali, na haiondoi haja ya ile nyingine ya kuzuia kuganda.

Kabla hujatoka hospitali, mwombe muuguzi aandike kwenye karatasi yako jina la sindano na tarehe uliyoanza. Ukiwa umepata ugonjwa huu, liandikwe pia neno “asipewe heparini”. Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi yako ya mgao.