Mrejesho Kando ya Kitanda: Upimaji Unaomjenga Mwanafunzi wa Afya

Mwanafunzi wa udaktari anayefika Kibondo au Kasulu kwa mafunzo ya vitendo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, huwa amekwisha kufaulu mitihani mingi. Ataandika bila kusita kwamba mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika anapumua kwa kasi, na kwamba kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5 kiwango ni 40. Lakini ni nani aliyewahi kumtazama akihesabu?

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi na homa. Mwanafunzi anahesabu kwa sekunde 15, anapata 12, anazidisha kwa nne na kuandika 48: upumuaji wa kawaida. Utaratibu unataka ahesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, na sababu yake ni hesabu nyepesi: pumzi moja iliyokosewa katika sekunde 15 huwa pumzi nne katika jibu. Kama alipitwa na pumzi moja tu, jibu lilipaswa kuwa 52, na mtoto aliyestahili kutibiwa nimonia anarudi nyumbani na dawa ya homa. Mtihani wa mwisho wa muhula hauwezi kulifichua kosa hilo, kwa kuwa jibu la kitabuni mwanafunzi analijua. Huonwa na aliyesimama kando ya kitanda.

Mwaka 1967 mwanafalsafa Michael Scriven, akizungumzia mitaala, alitenganisha tathmini inayofanywa kazi ikiendelea ili irekebishwe na ile inayofanywa mwishoni ili hukumu itolewe. Wataalamu wa elimu waliihamishia tofauti hiyo kwa mwanafunzi. D. Royce Sadler wa Australia alieleza mwaka 1989 kwamba mwanafunzi huendelea akijua lengo ni lipi, yeye yuko wapi, na afanye nini ili kuifunga nafasi iliyo kati yake na lengo. Majaribio ya katikati ya muhula, ambayo alama zake hujumlishwa na za mtihani, mara nyingi humwambia lile la pili tu, tena kwa tarakimu.

Mrejesho wenye manufaa hutaja kilichoonekana. “Umefanya vizuri, ongeza bidii” ni maneno ya adabu, hayamfundishi mtu. Kumkaripia mbele ya wagonjwa humfundisha kuficha. Msimamizi anaweza kusema: “Umehesabu sekunde 15, na mtoto alikuwa analia. Mama amnyonyeshe kwanza, atulie, kisha tuhesabu sote dakika nzima, kila mmoja kwa saa yake.” Hesabu mbili zikilinganishwa, hakuna haja ya hotuba. Kosa linalogusa matibabu lirekebishwe papo hapo, kwa upole. Mengine yanaweza kungoja faragha. Halafu mwanafunzi amhesabie mtoto anayefuata, maana mrejesho usiofuatwa na jaribio jingine hupotea.

Najua hoja itakayotolewa: foleni ni ndefu na madaktari ni wachache. Ni kweli. Lakini zoezi hilo huchukua dakika chache, na si lazima lifanywe na daktari. Muuguzi aliyekaa wodi ya watoto kwa miaka mingi huyaona makosa haya kabla ya mtu yeyote, ila hunyamaza kwa heshima ya anayeitwa “daktari” hata kabla hajahitimu. Heshima hiyo humgharimu mtoto. Msimamizi amwambie mwanafunzi tangu siku ya kwanza kwamba neno la muuguzi ni sehemu ya mafunzo yake.

Mgonjwa naye ana nafasi. Wengi wa wenyeji hapa huzungumza Kiha nyumbani, na kambi za Nduta na Nyarugusu zimewafanya wahudumu wazoee Kirundi na Kiswahili cha Kongo pia. Mwanafunzi aliyeeleza kwa Kiswahili fasaha kwamba amoksisilini itolewe mara mbili kwa siku kwa siku tano na amwombe mama arudie alivyoelewa. Mama akisema ataacha homa ikishuka, amempa mwanafunzi mrejesho ambao hakuna profesa angeweza kuutoa: maelezo hayakufika, yarudiwe, pengine kwa msaada wa anayejua Kiha. Mama huyo ana haki ya kuambiwa kuwa anayemhudumia mwanae bado ni mwanafunzi, na ya kukataa bila huduma yake kupunguzwa.

Jambo moja huharibu yote haya: kugeuza kila mrejesho kuwa alama. Mwanafunzi akijua kwamba kosa la leo litapunguza matokeo yake, atamwita msimamizi amtazame akifanya lile analoliweza tayari. Daftari la mazoezi liwe na mistari miwili isiyo na alama, mmoja wa kilichoonekana na mwingine wa kitakachojaribiwa tena, ili anapohamia wodi nyingine, msimamizi mpya aanzie hapo.