Feni ya gari imegoma? Jaribu namba nne kabla ya kununua mota

Julai iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nikiteremka kutoka Limuru kuelekea Nairobi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukipangusa kioo kwa kitambaa. Feni ya ndani ya gari ilikuwa imegoma na kioo cha mbele kimejaa ukungu. Bodaboda mmoja asiye na taa ya nyuma nilimwona akiwa mita chache tu mbele yangu. Breki niliyokanyaga, mguu ulitetemeka hadi Kangemi.

Wengi wetu hudhani feni hiyo ni ya kupulizwa upepo ukikwama kwenye jamu. Zii. Ndiyo husukuma hewa inayokausha kioo.

Fundi wa kwanza hata hakufungua boksi la zana. Aliweka swichi namba moja, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mota imekufa, buda. Leta pesa twende Grogan."

Nikaanza kupiga simu za kukopa. Mmoja wa niliowapigia ni binamu yangu, fundi wa waya, naye akauliza swali moja tu: "Umejaribu namba nne?"

Sikuwa nimejaribu. Namba nne ina kelele, huwa siigusi. Nilipozungusha, upepo ukavuma, vumbi na yote.

Kwenye magari mengi ya swichi ya kuzungusha, namba za chini hupitisha umeme kwenye rezista, kijipande kinachoupunguza nguvu. Namba ya mwisho huiruka. Kwa hivyo feni ikifanya kazi kwenye namba ya mwisho pekee, mota iko fiti. Rezista ndiyo imeungua, na bei yake haikaribii ya mota. (Gari la AC ya kujiendesha lina mtambo tofauti, usilipime hivi.)

Je, ikiwa kimya kwenye namba zote? Anza na fyuzi. Ikiwa imekatika, weka ya ampea zilezile, wala usiunganishe kwa kipande cha waya, utachoma gari. Fyuzi ikiwa nzima, kagua rilei. Kisha washa swichi na uigonge mota polepole kwa mpini wa bisibisi, chini ya dashibodi upande wa abiria. Ikiamka, kaboni zake zimeisha na itakufa tena tu. Isipoamka, chomoa plagi yake uweke testa kwenye pini zote mbili: taa ikiwaka vizuri, hapo sasa nunua mota. Isipowaka, kosa liko kwenye waya au swichi.

Yangu ilichomwa na uchafu. Binamu alichomoa filta ya hewa, ambayo sikujua hata ipo, ikiwa imeziba kwa majani na vumbi. Rezista hupozwa na upepo wa feni yenyewe. Upepo ukipungua, inaungua. Alikagua pia plagi yake, kwani ikiwa imeyeyuka huchoma hata rezista mpya.

Kazi yote ilichukua dakika ishirini. Kinachonikera hadi leo ni kwamba asubuhi ile, nyuma ya yule bodaboda, namba nne ilikuwa ikifanya kazi.