Programu Huria: Wema wa Wengi, Mzigo wa Wachache

Wengi wetu tuna simu za Android, na ndani yake tunasoma Qur'an na kusikiliza adhana. Ni wachache wanaojua kwamba kiini cha mfumo huo, Linux, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kisha kikaachwa wazi ili kila mwenye ujuzi akisome, akirekebishe na kukigawa. Hizo ndizo programu huria.

Ni nini kinachowasukuma watu hawa? Sababu si moja. Wapo wanaolipwa na makampuni yanayozitegemea programu hizo. Wapo wanaotafuta ujuzi, au jina litakalowapatia ajira. Wapo waliosumbuliwa na kasoro, wakaiondoa, wakaona si uungwana kuficha dawa yake. Na wapo wasiotaka lugha yao iachwe nyuma: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Nia za waja anazijua Allah. Sisi tunaonufaika tuna wajibu wetu, na tukio la mwaka 2024 ni funzo.

XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja asiyelipwa. Alipolemewa, alipelekewa lawama: mbona unachelewa? Akajitokeza aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mhandisi Andres Freund aliigundua hila hiyo baada ya kushangazwa na ucheleweshaji wa nusu sekunde tu, kabla haijaenea.

Khiyana ilipata upenyo kwa kuwa amana ya wengi iliachwa begani mwa mmoja. Hata kisima cha wakfu, maji yake yakiwa bure, huhitaji msimamizi na gharama za matengenezo.

Basi kijana mwenye ujuzi arekebishe, mwenye lugha atafsiri, mwenye mali achangie. Asiye na hayo, akiona kasoro, aieleze kwa adabu. Allah awajaalie watenda kheri ikhlasi, wala wasikose wasaidizi. Amin.