Hofu Hustawi kwa Kukwepwa: Maradhi ya Wasiwasi na Tiba Yake

Wasiwasi kwa asili yake si ugonjwa, bali ni tahadhari ambayo kila binadamu ameumbwa nayo, ndiyo maana mwanafunzi anayeukabili mtihani au mzazi ambaye mwanawe amechelewa kurudi nyumbani huingiwa na jakamoyo, kisha jambo likipita akatulia. Huitwa maradhi pale unapozidi kipimo cha jambo lililouzusha, unapodumu kwa muda mrefu, na unapomzuia mtu kufanya kazi, kulala au kutangamana na wenzake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 301 waliishi na maradhi haya, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi miongoni mwa maradhi yote ya akili, na ni takriban mgonjwa mmoja tu kati ya wanne anayepata tiba.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo hutambua hatari kabla mtu hajapata wasaa wa kufikiri. Inapotoa ishara, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu, na hapo moyo huenda mbio, misuli hukaza na jasho humtoka mtu, ili mwili uwe tayari kupambana au kukimbia. Kwa mgonjwa, ishara hiyo hutolewa hata pasipo hatari, kama wahenga walivyosema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa sababu hiyo wengi hufika zahanati wakilalamikia kifua au tumbo, wakapimwa na kuambiwa hawana kitu, ilhali mateso yao ni ya kweli.

Maradhi haya yana sura kadhaa. Wapo wanaohangaishwa na mambo mengi ya kila siku kwa miezi 6 au zaidi. Wapo wanaopatwa na mshtuko wa hofu, yaani hofu kali inayopanda kwa dakika chache hata mtu akadhani anakata roho. Wapo wanaoogopa kutazamwa na kuhukumiwa na watu, na wengine huogopa kitu mahususi kama mahali palipoinuka au damu. Kinachoziunganisha sura hizi ni kukwepa. Anayeogopa kupanda daladala huamua kutembea, akapata nafuu siku hiyo, lakini kwa kuwa hakupata nafasi ya kuona kwamba asingedhurika, kesho yake hofu humrudia ikiwa na nguvu zaidi.

Tiba ya mazungumzo iliyothibitishwa zaidi, yaani tiba ya utambuzi na tabia, inalenga hapo hapo. Mgonjwa hufundishwa kuyapima mawazo yanayomtisha badala ya kuyaamini yote, kisha huikaribia hofu yake ngazi kwa ngazi: kwanza husimama kituoni, baadaye hupanda gari hadi kituo kinachofuata, mwishowe humaliza safari nzima. Njia ya kuikaribia hofu kwa hatua ilipata umaarufu kupitia kazi za Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyewahi kuwatibu askari wa Vita vya Pili vya Dunia, ambaye alichapisha kitabu chake kuhusu njia hiyo mwaka 1958.

Dawa nazo zina nafasi yake. Fluoksetini na sertralini, zinazoathiri kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, huleta nafuu baada ya wiki kadhaa na hazifai kukatizwa ghafla bila ushauri wa daktari, ilhali diazepamu hutuliza upesi lakini hutolewa kwa muda mfupi tu, kwa kuwa mwili huizoea hata ukashindwa kuiacha.

Uhaba wa wataalamu haupaswi kuvunja moyo. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umeshafika hadi Zanzibar.

Funzo la kuikaribia hofu badala ya kuikwepa linazihusu familia pia. Kumwambia mgonjwa aache kuwaza, au kudai kwamba imani yake ni haba, humwongezea aibu bila kumpunguzia hofu, na kumfanyia kila anachokiogopa, ijapokuwa ni kwa mapenzi, huyakuza maradhi yenyewe. Linalomfaa ni ndugu atakayempeleka kwa mtaalamu, kisha akasimama naye kituoni siku ya kwanza, akaketi kando yake ndani ya gari siku ya pili, na siku ya tatu akamwacha aende peke yake.