Uhazili wa mbali: Piga hesabu kabla ya kutaja bei

Tangu mkongo wa SEACOM ufike Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, mhazili anaweza kumhudumia mteja wa London akiwa nyumbani: kujibu barua pepe, kupanga miadi, kuandaa ankara. Saa zetu ziko mbele ya London kwa saa 2 au 3 tu, hivyo mteja akifungua ofisi hukuta kazi tayari.

Mtaji ni kompyuta, intaneti ya uhakika na umeme wa akiba. Wengi huponzwa na bei. Tuseme unatoza dola 5 kwa saa, na wakala wa mtandaoni aliyekupatia mteja anakata asilimia 10. Zinabaki dola 4.50. Kati ya saa 40 za wiki, saa 10 zinakwisha kutafuta wateja na kuandika hesabu, hazilipwi. Unapata dola 135, yaani chini ya dola 3.40 kwa saa, kabla ya intaneti, umeme na kodi.

Katika kujitangaza, usiseme unafanya kila kitu. Chagua fani unayoijua, kama hoteli au forodha. Anza na wafanyabiashara wanaokufahamu, taja huduma moja na bei yake ya mwezi, kisha omba barua ya sifa.

Dai malipo ya awali. Mteja mmoja asizidi nusu ya mapato yako. Akiondoka, usibaki na kompyuta na madeni.