Si kila mtoto anayetembelea ncha za vidole huhitaji kisu

MTOTO wa miaka mitatu anapovuka sebule huku visigino vikiwa hewani, kama anayemnyatia kuku, ndugu na majirani hucheka. Mzazi wake hubaki na swali moja: je, hali hiyo itakwisha yenyewe, au mtoto ataishia kwenye chumba cha upasuaji?

Watoto wengi wa aina hiyo hawahitaji kisu. Hata hivyo, kusubiri kuna masharti yake, na mzazi asiyeyafahamu anaweza kupoteza muda ambao tiba nyepesi ingetosha.

Kutembelea ncha za vidole ni jambo la kawaida kwa mtoto anayejifunza kutembea. Wengi huanza kukanyaga kwa kisigino kabla ya kutimiza miaka mitatu. Wapo wanaoendelea baada ya umri huo bila daktari kubaini ugonjwa wowote, na mara nyingi hugundulika kuwa mzazi au ndugu naye alitembea hivyo utotoni.

Nchini Sweden, katika jimbo la Blekinge, watafiti waliwachunguza watoto 1,436 wenye umri wa miaka mitano na nusu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa takriban asilimia tano kati yao walikuwa wakitembelea vidole au waliwahi kufanya hivyo, na zaidi ya nusu ya hao walikuwa wamekwisha kuacha.

Taarifa ya ufuatiliaji iliyotolewa mwaka 2018 ilibainisha kuwa, kufikia umri wa miaka 10, asilimia 79 ya watoto hao walikuwa wameacha bila kutibiwa.

Hatari iko kwa wachache waliosalia. Kisigino kisipogusa ardhi kwa muda mrefu, misuli ya nyuma ya mguu pamoja na kano inayoiunganisha na kisigino hukaza na kufupika. Mwisho wake, hata mtoto akitaka kukanyaga sawasawa, hawezi.

Ndiyo maana daktari humlaza mtoto, hunyoosha goti lake, kisha husukuma unyayo kuelekea juu. Kwa kawaida kifundo hupinda walau nyuzi 10 kupita pembe mraba. Kikishindwa, kano imeanza kukaza. Nyumbani, dalili mojawapo ni mtoto kushindwa kuchuchumaa huku nyayo zote zikigusa sakafu.

Kwa mtoto ambaye kifundo chake bado ni laini, tiba huwa ni uangalizi na mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humfundisha mzazi namna ya kunyoosha misuli hiyo kila siku, polepole na bila kumuumiza mtoto. Michezo nayo husaidia, kama vile kutembea kwa visigino na kupanda mwinuko.

Kano ikiwa imekwisha kukaza, mguu hufungwa bandeji gumu, maarufu kama POP, kuanzia chini ya goti. Bandeji hilo hubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili, na kila mara unyayo huinuliwa kidogo zaidi, hadi kifundo kilegee. Baada ya hapo mtoto anaweza kuvalishwa kifaa cha plastiki kinachozuia kisigino kuinuka, huku mazoezi yakiendelea.

Ipo pia sindano ya botulinamu, inayolegeza misuli kwa muda. Hata hivyo, utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha watoto 47, haukuona tofauti kati ya waliofungwa bandeji pekee na waliofungwa bandeji baada ya kuchomwa sindano hiyo.

Upasuaji wa kurefusha kano hubaki kwa watoto, hasa wenye umri mkubwa, ambao njia hizo zimeshindwa kuwasaidia.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiriwa. Mtoto aliyekuwa akitembea vizuri kisha akaanza kunyanyua visigino, au anayenyanyua kisigino cha mguu mmoja tu, afikishwe hospitali mapema. Hali hiyo inaweza kutokana na mtindio wa ubongo au tatizo la uti wa mgongo.

Vivyo hivyo kwa mtoto, hasa wa kiume, anayeanguka mara kwa mara na kujikwea kwa mikono juu ya mapaja yake anapoinuka sakafuni. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli. Mtoto aliyechelewa kuzungumza, au asiyejali wenzake, huchunguzwa pia kama ana usonji.

Kumgombeza au kumchapa mtoto ili ashushe visigino hakutibu lolote, kwani pengine kano yake haimruhusu. Mzazi atafanya vyema zaidi kumtazama akitembea peku, kuandika tangu lini hali hiyo ilianza, na kumpeleka apimwe kifundo angali mdogo.